Jedwali la Mjomba

Kule maabara walimwita Bi Nukta. Jina hilo alilipata mwaka wake wa pili kazini, aliposimamisha ripoti nzima isitoke mlangoni kwa sababu nukta moja ya desimali ilikuwa imekaa pasipo pake. Mkuu wa maabara alimwambia, "Nukta tu, mama, nukta!" Naye akajibu, "Ndiyo, nukta tu. Lakini ikihama hatua moja, dawa inageuka sumu." Ripoti ikarudi, ikasahihishwa, na jina likamganda. Hakulichukia. Alisema afadhali kuitwa nukta kuliko kuitwa alama ya kuuliza.

Kazi yake ilikuwa kupima gesi kwa mwanga. Si mwanga huu tunaouona, bali ule unaojificha nyuma ya rangi ya zambarau, unaoitwa urujuanimno, ambao jicho halina habari nao. Kila gesi ina mwanga inaopenda kuumeza, na gesi zenye salfa ndani yake, za mayai viza, za kiberiti kilichowashwa, za mtaro uliozibwa, ni walafi wa mwanga huo kupindukia. Unapitisha mwanga kwenye mrija wenye gesi, unapima ulioingia na uliotoka, na pengo linakuambia gesi iliyomo ni kiasi gani. Sharti moja tu: ujue kwanza ulafi wa gesi yenyewe. Ulafi huo huandikwa kwenye jedwali.

Jedwali la gesi ya mayai viza lililotumika pale lilipimwa na mtu mmoja, miaka ishirini na sita nyuma. Lilikuwa limetiwa fremu ukutani, kwenye ujia wa kuelekea stoo, na chini yake kulikuwa na jina la mjomba wake Bi Nukta.

Mjomba ndiye aliyemwingiza kwenye fani hiyo. Baba yake alipofariki, yeye alikuwa darasa la sita, na kaka wa mama yake akaanza kumchukua siku za likizo, akimkalisha kwenye kigoda kirefu na kumwambia, "Usiguse kitu, ila uliza chochote." Akauliza mpaka akawa mtu wa kazi. Mjomba alipostaafu, miaka sita iliyopita, alimwachia ufunguo wa kabati la vioo na onyo moja: "Mashine haidanganyi, mama. Ila haijibu usichoiuliza."

Basi asubuhi moja ya Jumanne alikuja injinia wa mitambo ya maji taka. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, na alibeba kipimo cha gesi chenye kengele kwenye sanduku la mbao kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Vijana wangu wanaumwa vichwa," alisema. "Wanaoshuka kwenye handaki la pampu. Macho yanawawasha, wengine wanapanda juu wanayumba."

"Na kengele?"

"Haijalia hata siku moja. Namba inasoma saba, inasoma nane. Ikifika kumi ndiyo ilie. Wiki iliyopita mmoja aliteleza kwenye ngazi, tukamdaka kwa kamba yake. Nyapara anasema ni uvivu, anatafuta ruhusa. Lakini mimi huyo kijana simjui kwa uvivu."

"Harufu je? Hawaisikii?"

Injinia akacheka bila furaha. "Harufu gani tena, mama? Ukikaa mle siku mbili, pua inastaafu."

Bi Nukta alijua hivyo. Gesi ile ina hila: kidogo chake kinanuka hadi mtaa wa pili, na inapozidi, inaziba pua ya yule yule inayetaka kumdhuru. Ndiyo maana wakawekewa kipimo, kilichotengenezwa kwenye karakana ya maabara hiyohiyo. Alikifungua, akakikagua siku mbili. Taa yake ilikuwa nzima, vioo safi, nyaya zimekaza, naye akamrudishia injinia. Kilikuwa hakina hatia. Kilikuwa kinafanya hesabu kama kilivyofundishwa, na mwalimu wake alikuwa ni lile jedwali.

Alikwenda kwenye ujia akasimama mbele ya fremu, akalitazama jedwali kama mtu anayemtazama mzee wake na kujiuliza kama kweli jana alisikia vizuri.

Fikiria umeandaa chakula cha wageni walio chumba cha pili, huwaoni. Ukiambiwa kila mgeni hula sahani tatu, na sufuria imepungua sahani sita, utasema wageni ni wawili. Kumbe kila mmoja hula mbili tu. Basi wageni ni watatu, na wewe umehesabu pungufu. Kama jedwali limeisingizia gesi ulafi iliokuwa haina, kipimo kitaona mwanga umepungua kidogo na kusema, "Gesi ni chache." Na kengele italala.

Akaomba kulipima jedwali upya. Mkuu wa maabara, mtu mpole aliyependa mambo yaende polepole, alivua miwani akaifuta. "Jedwali la mjomba wako?"

"La maabara," alisema Bi Nukta.

"Haya. Pima."

Akaanza. Mrija wake ulikuwa na urefu wa nusu mita, na kila ncha ilizibwa kwa kioo cha kwatzi, kwa maana kioo cha kawaida cha dirishani huuzuia mwanga ule. Kwanza alivuta hewa yote kwa pampu, mrija ukabaki mtupu, akapima mwanga ukipita bila kizuizi. Kisha akaingiza gesi kidogo, akasoma geji, akafungua kilango cha bati kilichokuwa mbele ya taa kwa sekunde chache, akakifunga. Akaongeza gesi maradufu, akapima tena. Yote hayo aliyafanya ndani ya kabati la kuvuta hewa, na gesi iliyotumika aliipitisha kwenye chupa ya maji ya magadi makali ili isimfuate mtu nyumbani.

Gesi ikiwa maradufu, mwanga uliomezwa nao uliongezeka kwa hesabu ileile. Mambo yalikwenda kama maji mtelemkoni. Ila namba zake alipoziweka kando ya zile za fremu, alikuta kituko. Upande wa mawimbi mafupi, ambako gesi humeza sana, upande ambao wao waliuita kichwa, alikubaliana na mjomba wake vizuri kabisa. Kadiri alivyoshuka kuelekea mawimbi marefu, upande wa mkia, wakaanza kuachana, kwanza kidogo, halafu zaidi. Na pale mwishoni mwa mkia, ambapo kipimo cha handakini kilikuwa kinapimia, jedwali lilisema ulafi ni kumi na sita. Yeye alipata kumi.

Hakushangilia. Alijishuku mwenyewe kwanza, kama alivyofundishwa. Alibadilisha geji. Alipaka sabuni kwenye viungio vyote kutafuta mapovu ya uvujaji. Aliagiza mtungi mwingine wa gesi kutoka kiwanda kingine. Siku tisa zikapita, na kila siku mkia ulisema kumi. Nyumbani mama yake alimwuliza kwa nini anakula kama anayesoma, naye akasema kazi tu.

Siku ya kumi alikuwa ameshajaza gesi na kufungua kilango, simu ikaita. Alikuwa mama yake. Sasa mama yake si mtu wa dakika moja. Alianza na bomba la jikoni, akapita kwa jirani aliyehama bila kuaga, akamalizia na ndoto aliyoota juu ya viatu. Bi Nukta alitoka nje ya mlango akiitikia "ehe, ehe," na aliporudi dakika arobaini zilikuwa zimekwisha na kilango bado kiko wazi. Akajilaumu, akanyoosha mkono akifunge. Kabla hajakifunga, jicho likatua kwenye skrini.

Mkia ulikuwa umepanda. Ulisema kumi na mbili.

Akatazama geji. Haikuwa imesogea. Gesi haikuongezeka hata tone. Akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akatulia. Kisha akaivuta gesi yote kwa pampu mpaka mrija ukawa mtupu kabisa, akapima tena. Mrija mtupu ulipaswa kupitisha mwanga wote. Kule kichwani ulipungukiwa kidogo, na mkiani vilevile. Mrija ulikuwa hauna kitu, na bado kitu kilikuwa kinameza mwanga.

Alisafisha mrija kwa hewa safi mara tatu, akafungua skrubu, akakitoa kioo cha upande wa taa. Ukikitazama moja kwa moja ulikiona safi. Akakiinamisha, mwanga wa dirishani ukipita juu yake kwa mshazari. Hapo akauona: utando mwembamba mno, kama pumzi ya mtu kwenye kioo, wenye weupe wa kuelekea njano. Ni salfa. Mwanga ule mkali ulikuwa unaivunja gesi yenyewe, na salfa iliyotoka ndani yake ikatua kwenye kioo, na salfa hiyo nayo ikawa inameza mwanga kwa niaba ya gesi.

Akaielewa yote kwa mkupuo, na hakuifurahia. Mashine yake ilipima mawimbi yote kwa pamoja, kwa sekunde. Mashine ya zamani ya mjomba ilipima wimbi moja moja, gurudumu likizungushwa kwa mkono, asubuhi nzima, taa ikiwaka juu ya gesi muda wote.

Kitu cha kwanza alimpigia injinia. "Shusheni kengele," alimwambia. "Isilie kwenye kumi. Ilie kwenye sita, leo hii. Na hao walio chini wapandisheni kwanza mpaka muibadilishe."

"Kuna nini?"

"Kipimo chenu kinahesabu pungufu. Si kosa lake. Nitakueleza kwa barua, lakini barua isisubiriwe."

Injinia hakuuliza mara ya pili. Kisha Bi Nukta akaenda kwa mkuu.

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. "Kengele kushushwa ni sawa, heri nusu shari," alisema. "Ila jedwali ni jambo lingine. Watu wengi wamelinukuu. Siwezi kulifuta kwa utando ulioonekana wiki hii kwenye mrija wako. Nataka daftari la mwanzo. Alianzia wapi kupima, kichwani au mkiani? Kama alianzia mkiani, kioo kilikuwa bado safi alipopita pale, na maelezo yako yamekufa."

"Daftari liko nyumbani kwake."

"Basi wewe ndiye unayeijua njia," alisema mkuu, na alisema kwa huruma.

Jumamosi alasiri Bi Nukta alimkuta mjomba wake barazani, kwenye meza yake ya ustaafu. Alikuwa anatengeneza miwani za majirani, kazi aliyojipa mwenyewe kwa sababu mikono yake haikukubali kupumzika. Bisibisi zake zilikuwa ndogo kama sindano.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona umekonda? Au ile mashine yenu mpya imeacha gesi inakumeza wewe?"

Mkaza mjomba alileta chai. Walizungumza habari za mama, za bomba la jikoni, za jirani aliyehama. Bi Nukta alikuwa anakoroga tu. Mkaza mjomba akamtazama, akamtazama, mwisho akasema, "Mwanangu, una jambo. Umekoroga hiyo chai mpaka sukari imeomba radhi."

Akakiweka kikombe chini. Akalisema lote: injinia, ngazi, kumi na sita na kumi, simu ya mama, utando. Alilisema taratibu bila kuzungukazunguka, kama alivyozoea kumsomea namba zamani. Mjomba hakumkatiza. Alipomaliza, mzee alikuwa bado ameshika miwani ya mtu.

"Nilipima mara tano," alisema.

"Najua, mjomba."

"Hujui. Ulikuwa unavaa sare ya shule. Mara tano, siku tano mbalimbali, na zote zikalingana. Sikuwa mtu wa kupima mara moja nikakimbilia kuandika."

"Ndiyo maana zililingana. Kila siku utando ulikuwa unajengeka kwa mwendo uleule."

Mjomba akaingiza skrubu kwenye tundu la miwani. Ikamponyoka, ikaanguka sakafuni, ikalia kidogo na kunyamaza. Hakuinama kuitafuta.

"Daftari sitoi," alisema.

"Mjomba, wapo watu chini ya ardhi."

"Nimesikia. Si umeshawashushia kengele? Umefanya vizuri." Akainuka, akaingia ndani, na mlango wa chumba ukafungwa bila kishindo, jambo ambalo lilimuuma Bi Nukta kuliko kama ungebamizwa.

Mkaza mjomba alimsindikiza hadi getini. "Mwache," alimwambia. "Namjua miaka arobaini. Huyu akipewa kitu kichungu, hatemi. Ila hutafuna kwanza."

Jumapili Bi Nukta alifua, akapiga pasi, akapanga kabati ambalo halikuhitaji kupangwa. Alijiuliza kama angeweza kulisema kwa namna nyingine. Hakuipata namna hiyo. Kosa la mgeni ni rahisi kulitaja. La aliyekufundisha kushika kalamu linakwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jumatatu, saa tatu kasoro, mlinzi wa getini alipiga simu juu. "Kuna mzee wako hapa. Nimemwambia apite tu, anakataa. Anasema yeye sasa ni mgeni, aandikishwe."

Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi ya mistari, na kwapani ameshika mfuko wa plastiki. Ndani yake mlionekana mgongo wa daftari lenye jalada gumu. Bi Nukta akanyoosha mkono kulipokea, mzee akaurudisha mfuko nyuma.

"Bado. Tukilifungua sasa, utapima ukijua unachokitafuta, na utakipata. Pima kwanza kwa mtindo wangu. Wimbi moja moja, taa wazi. Halafu tutalifungua."

"Nianzie wapi?" Bi Nukta aliuliza, kwani hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe.

Mjomba akavuta kigoda. "Kichwani," alisema. "Nilianzia kichwani, penye mwanga mwingi wa kumezwa, nikashuka. Hilo halihitaji daftari."

Wakafanya kazi. Mashine mpya waliilazimisha iende kizee: wimbi moja, subiri dakika kadhaa, andika, wimbi la pili. Mjomba hakugusa kitu saa nzima ya kwanza. Saa ya pili alikaza kiungio kimoja akisema kimelegea, na hakikuwa kimelegea. Saa ya tatu alikuwa amekunja mikono ya shati, anasoma geji kwa sauti, na Bi Nukta anaandika. Mkuu alichungulia mlangoni, akaona migongo miwili imeinama pamoja, akaondoka akinyata.

Saa sita na robo walifika mwisho wa mkia. Mjomba akalitoa daftari, akalipangusa kwa kiganja. Kurasa zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, na mwandiko wake ulikuwa mdogo na wima. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Soma zako," alisema.

Bi Nukta akasoma namba moja, mjomba akasoma yake. Wakashuka hivyo, mmoja akitoa, mwingine akijibu. Kichwani zililingana. Katikati zililingana. Wakafika mkiani.

"Kumi na tano nukta tisa," alisema Bi Nukta.

Mjomba akafuata mstari kwa kidole. "Kumi na sita nukta moja."

Pampu ilikuwa inanguruma taratibu. Bi Nukta alivuta gesi, akasafisha mrija, na alipotaka kufungua skrubu mjomba akasema, "Lete, nitafungua mimi." Akakitoa kioo, akakishika kwa kingo zake kwa ncha za vidole, akakiinamisha kuelekea dirishani. Alikitazama muda mrefu. Kisha akakilaza juu ya kitambaa, akalirudia daftari, akafunua kurasa kwa haraka kama mtu aliyekumbuka alipoweka kitu.

"Hapa," alisema.

Mwisho wa siku ya kwanza ya kupima, chini kabisa ya ukurasa, paliandikwa: *Kioo kimefutwa. Mafuta ya pampu.* Akafunua siku ya pili. *Kioo kimefutwa. Mafuta ya pampu.* Ya tatu, ya nne, ya tano.

"Pampu zile zilikuwa zinatema mafuta," alisema mjomba. "Kila mtu alilalamika. Nikaona ukungu kwenye kioo, nikajua ni mafuta. Sikujiuliza." Akalifunga daftari. "Niliuona, mama. Kwa macho yangu haya. Niliuona mara tano nikaufuta mara tano, na nikajisifu kwamba mimi ni mtu safi."

Bi Nukta akataka kumwambia kwamba yeyote angefikiri hivyo, na kwamba hata yeye bila simu ya mama asingeuona kabisa. Alisema hilo la pili, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Mjomba akatikisa kichwa, na mdomo ukaanza kucheza. "Ina maana dada yangu ndiye aliyenisahihisha? Kwa ndoto ya viatu?" Akacheka, mabega yakitikisika, akacheka mpaka akatoa leso. Haikuwa wazi leso ile ilifuta kicheko tu, lakini Bi Nukta aligeukia geji akaisoma, ingawa ilikuwa haina la kusomwa.

Mchana ule walikaa kwa mkuu kuandika masahihisho. Mkuu alikuwa ameshaandaa sentensi: marekebisho madogo kufuatia maendeleo ya vifaa. Mjomba akaisoma, akairudisha.

"Toa hayo maendeleo. Andika kosa. Andika kwamba salfa ilitanda kwenye kioo na mpimaji akadhani ni mafuta. Mwingine akiona ukungu kama huo ajue jina lake."

"Nataka kukulindia heshima, mzee."

"Heshima yangu iko kwenye lile daftari. Kama nisingeandika kwamba nimefuta kioo, leo tungekuwa tunabishana tu. Weka jina la huyu mbele, langu nyuma."

Ikaandikwa hivyo. Fremu ya ujiani ikateremshwa siku ileile, na pale ukutani pakabaki mraba mweupe kuliko rangi ya ukuta. Mkuu alisema watapaka rangi. Mpaka leo hawajapaka.

Ingekuwa mtu mwingine, mambo yangeishia hapo. Mjomba akasema anataka kwenda kwenye mitambo ya maji taka. Bi Nukta alimweleza kwamba injinia ameshapewa barua, kipimo kimeshafundishwa upya, na mafeni mawili makubwa yanafungwa handakini. "Barua ni ya injinia," alisema mjomba. "Mimi nawataka walioshuka."

Wakaenda Alhamisi. Wafanyakazi kama kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa pampu, buti zimevuliwa, wakinywa maji. Injinia akamtambulisha mzee kama mtaalamu wa gesi. Mjomba akasema yeye si mtaalamu, ni fundi aliyestaafu, na akawaeleza kwa ule mfano wa wageni na sahani. Waliuelewa mara moja. Mmoja akaongeza kwamba anamjua mgeni wa sahani tano. Mzee akangoja kicheko kiishe.

"Sasa aliyeandika kwamba kila mgeni anakula sahani tatu ni mimi," alisema. "Nilikosea. Mlikuwa mnavuta gesi nyingi kuliko namba iliyokuwa inaonyesha, na kengele ikanyamaza kwa sababu yangu. Nimekuja niwaombe radhi mkiniona usoni."

Kijana mrefu aliyekaa mwisho akaweka kikombe chake chini. Ndiye yule aliyeteleza kwenye ngazi.

"Kwa hiyo kile kichwa changu hakikuwa uvivu," alisema.

"Hakikuwa uvivu. Ilikuwa hesabu yangu."

Kijana akalifikiria hilo. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa kama mtu anayepima uzito wa kitu kabla ya kukibeba. "Basi, mzee, nisaidie jambo moja. Hilo neno mwambie nyapara. Hapahapa, nikisikia."

Nyapara alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Wenzake wakaanza kucheka chinichini. Mjomba akageuka, akamtazama nyapara, akalisema neno moja moja kama anavyosoma daftari: "Huyu kijana hakuwa mvivu. Alikuwa amevuta gesi."

Nyapara alijikuna shingo. Akatembea mpaka kwa kijana, na ikaonekana wazi kwamba hajui afanye nini akifika. Mwisho akaokota buti la kijana lililokuwa limeanguka, akalisimamisha vizuri kando ya mwenzake. "Ungesema kwamba macho yanawasha," alinung'unika.

"Nilisema mara tatu."

"Ulisema. Sikusikia. Yamekwisha?"

"Hayajaisha," alisema kijana, "ila yatakwisha." Na akasogea kidogo, nyapara akapata pa kukaa.

Walipokuwa wanarudi, mjomba alitembea polepole hadi njia panda. Bi Nukta aliendana na mwendo wake, hakumharakisha. Magari yalikuwa yanapita, na mzee alisubiri yapungue ndipo akasema:

"Ile dioksidi ya salfa, gesi ya kiberiti, nayo niliipima mimi. Mwaka uliofuata."

"Najua, mjomba."

"Pampu ileile. Kioo kilekile."

"Ile haitandi vilevile. Lakini nimeiandika kwenye orodha."

"Tunaanza kesho?"

"Kesho kutwa. Kesho mrija unaoshwa."

"Nani anaosha?"

"Mimi."

Mjomba akakunja uso. "Wewe ulikuwa huoshi vizuri upande wa ndani tangu zamani. Nitakuja kesho," alisema, na wakavuka barabara.